Dada wa Sakina, hayo maua sita hayatakusafishia hewa

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaanza kukujibu habari za maua, nikafuta. Ngoja kwanza niuweke kwa kifupi ili na wengine wajue najibu nini. Uko Sakina, Arusha, vyumba viwili vya kupanga, mzee ni bodaboda na pikipiki inalala sebuleni kwa kuogopa wezi, mtoto ana miezi 8 anakohoa hii wiki ya tatu, na wewe asubuhi unaamka kichwa kizito. Mwezi uliopita mliingiza sofa jipya. Ukaenda kwa muuza miche akakupa maua sita kwa elfu tisini, sneki planti mawili, mani planti, spaida, pisi lili na lile la majani mapana yenye madoa meupe, akakwambia yanafyonza sumu zote za ndani, mpaka NASA, wale wa anga za juu wa Marekani, wamethibitisha. Unauliza je sita yanatosha au uongeze, na je ni kweli usiku yanamaliza oksijeni kwa hiyo uyatoe nje.

Mi nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi kabla sijaanza kuuza miche, na kwa biashara yangu jibu zuri lingekuwa ongeza mengine sita njoo nikupunguzie bei. Ila katikati ya ujumbe umeandika kitu kama unapita njia tu, umesema "na hii baridi jioni tukishamaliza kupika tunaliingiza jiko ndani kidogo chumba kipate joto". Hapo ndo nilipofuta. Maua yatasubiri.

Jiko likishamaliza kupika, moshi umeisha, mkaa umeshika wekundu na juu kuna jivu jeupe, watu wengi wanaona sasa hapo limekuwa salama kwa sababu halitoi moshi. Aisee hapo ndo pabaya. Mkaa ule mwekundu unatoa kaboni monoksaidi, hewa haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikukohoshi, yaani hakuna chochote cha kukushtua utoke. Ukiivuta inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ingekaa, na inang'ang'ania damu kwa zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa kidogo, masaa yakienda inajaza viti vingi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu wa kuamka nao, afu ukitoka nje ukakaa kwenye hewa unaanza kupata nafuu. Sasa rudi usome ulichoniandikia mwenyewe, "nikishafungua duka saa tatu kinaachia". Siwezi kukupima kupitia simu na kichwa kinaweza kuuma kwa mambo mia, lakini ningekuwa mimi nisingesubiri kujua, leo hii jiko lisingevuka kizingiti.

Najua utaniambia tunalitoa kabla ya kulala. Sawa, lakini lilishakaa ndani toka saa moja mpaka saa nne, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na hewa ile haitoki na jiko, inabaki inawasubiri kitandani. Wengine wanaweka beseni la maji pembeni ya jiko eti maji yanavuta sumu. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia kitu, beseni linakusaidia tu kama cheche ikiruka. Na maua nayo hayaiwezi, hata ukiyapanga ukutani kama kuku wa mnada. Kila mwaka Arusha ikipoa, Juni Julai hivi, huwa tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa wasiamke, na mara nyingi sio watu wajinga, ni watu waliokuwa wanasikia baridi.

Kwa baridi mvalishe mtoto soksi na kofia, blanketi mbili, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga iwekwe kitandani dakika ishirini kisha itolewe kabla hamjapanda. Shuka la kimasai linafanya kazi nzuri kuliko jiko na halitoi hewa ya sumu.

Huyo mtoto mpeleke hospitali wiki hii. Kukohoa wiki tatu kwa mtoto wa miezi 8 sio kitu cha kutibu na maua wala asali (asali kwanza hata hapewi mtoto wa chini ya mwaka). Na ukiona anahema haraka haraka, au mbavu zinabonyea ndani akivuta hewa, au hanyonyi, usingoje kesho. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto mdogo anayevuta moshi wa kupikia nyumbani hatari yake ya nimonia inakaribia kuwa mara mbili, na kwa mwaka 2020 peke yake walikadiria watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, hii hii ya kuni, mkaa, mafuta ya taa. Sio viwanda hivyo, ni majiko.

Haya, tuje kwenye maua sasa maana ndo uliyouliza.

Muuzaji wako hajakudanganya kuhusu NASA, alichofanya ni kukupa nusu ya habari, na mi mwenyewe nimeshawahi kuuza kwa hiyo nusu kabla sijaisoma yote. Ni kweli mwaka 1989 mtu anaitwa Wolverton na wenzake wa NASA walitoa ripoti kuhusu mimea ya ndani. Walikuwa na masanduku ya plastiki ngumu inayoonyesha, yamezibwa kabisa, hata kubwa lake halifiki mita moja ya ujazo. Wanaingiza mmea mmoja na chungu chake, wanapuliza ndani gesi kama benzeni, formaldehaidi au trikloroethilini, wanafunga, baada ya masaa 24 wanapima imepungua kiasi gani. Ilipungua, tena vizuri. Wao shida yao ilikuwa ya chombo cha angani, na kule juu hamna dirisha la kufungua.

Wewe unalo. Chumba chako nikikadiria mita tatu kwa tatu na nusu, na dari juu, ni karibu mita za ujazo 28, sio moja. Na hata ukifunga kila kitu hewa inapenya chini ya mlango, kwenye mabati, kwenye fremu, inaingia inatoka. Mwaka 2019 watafiti wawili wa chuo cha Drexel kule Marekani, Cummings na Waring, walichukua majaribio 196 ya aina hii yaliyofanywa kwa miaka na miaka wakayapigia hesabu upya kwa nyumba ya kawaida. Jibu lao ni kwamba ili maua yafanye kazi sawa na hewa inayojibadilisha yenyewe ndani ya jengo ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chumba chako ni kama mita 10 za mraba, kwa hiyo tuseme kuanzia maua 100, na ikienda vibaya 10,000. Wewe unayo sita. Hata ukihamishia ndani kila mche unaouzwa kando ya barabara mpaka Tengeru, utalala wapi?

Afu kuna kitu kwenye ripoti ile ile watu hawakirudii kwa sababu hakiuzi. Sehemu kubwa ya kazi ilionekana kufanywa na mizizi na vijidudu vya kwenye udongo wa chungu, sio majani peke yake, na Wolverton akaenda mbele akatengeneza chungu chenye feni na mkaa maalumu wa kuchujia, hewa inasukumwa kupita kwenye mizizi. Bila feni hewa ya chumba haina haraka ya kwenda kupita kwenye udongo wako, inakaa tu huko juu na vumbi lake.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba moja ya mimea iliyopata sifa kwenye yale majaribio ni dracaena, na sisi huku mlimani tunayo toka enzi za mababu, ni jamii moja na masale. Wachaga wanapandia mipaka ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba msamaha, na hakuna mzee hata mmoja wa Marangu au Machame aliyewahi kuniambia lile jani linasafisha hewa ya nyumba. Sa hivi mtu anapita hapo kitaluni ananunua ndugu yake lenye mistari ya njano elfu thelathini, anaweka pembeni ya tivii, anasema sasa navuta oksijeni.

Lakini usiyatupe, yana kazi moja ambayo watu hawaitumii. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, futa jani moja la sneki planti toka chini mpaka juu, taratibu, afu kiangalie mlangoni penye mwanga. Kikitoka rangi ya udongo, kahawia au wekundu, hilo ni vumbi la barabara, linaingia na viatu na pikipiki na upepo. Kikitoka cheusi, na ukikisugua kwa kidole gumba unasikia kama kina mafuta kidogo, kinachafua kidole na hakitoki kwa maji matupu, hiyo ni masizi, na hayo mara nyingi yanatoka humo humo ndani kwako. Futa majani yote leo, ukae wiki moja jiko likiwa nje, ufute tena. Hutahitaji mtu wa kukuelezea. Na kumbuka jani lile limesimama tu pale kwenye stuli, mtoto alikuwa chumba hicho hicho anavuta.

Sasa tufanye nini kwa hela ya mpangaji? Kwanza angalia juu ya dirisha. Nyumba nyingi za kupanga fundi aliacha matundu ya hewa juu ya madirisha, na nyingi nilizoingia nikiwa kazini matundu hayo yameshazibwa na maboksi, magunia, matambara, kwa ajili ya mbu na baridi. Zibua. Weka wavu wa mbu, ule wa kukata kwa mita, gundi na misumari midogo, hewa ipite mbu wasipite. Ni wavu wa hela ndogo sana ukilinganisha na ile elfu tisini, sikusemi lakini. Afu asubuhi ukiamka fungua dirisha la chumbani na mlango wa sebuleni kwa pamoja, pande mbili, dakika kumi na tano ishirini. Dirisha moja peke yake hewa inajizungusha tu pale pale, inataka pa kuingilia na pa kutokea. Ukitaka kuona, washa njiti ya udi ushike katikati ya mlango, utaona moshi unaelekea wapi. Ukishaona, izime, udi nao ni moshi.

Jioni magari na vumbi vikiwa vingi barabarani funga upande wa barabara, fungua upande wa nyuma. Na kama mwenye nyumba anaruhusu, ua wa michongoma au mmea wowote mnene wa kupanda kando ya barabara unapunguza vumbi kufika mlangoni, hapo ndo mmea unaweza kukufanyia kazi ya maana, ukiwa nje.

Pikipiki. Huyu ndo atakayegomba na mimi, mzee. Benzeni, ile ile gesi ya kwanza kwenye yale masanduku, iko ndani ya petroli, na tanki na kabureta vinatoa mvuke usiku kucha hata injini ikiwa imezimwa, zaidi ikitoka kazini ikiwa bado ya moto. Harufu mliyoizoea mpaka hamuisikii ndo hiyo. Naelewa habari ya wezi, pikipiki ndo shamba lenu. Kama kuna korido au stoo yenye geti, mnyororo na kufuli ilale huko, hata mkachangiana na wapangaji wenzenu. Ikishindikana kabisa basi aiache nje ipoe saa nzima kwanza, isiwashwe ndani hata kwa sekunde, asubuhi aisukume mpaka nje ndo apige kiki, na mlango wa kati ya sebule na chumba cha mtoto ufungwe, upande wa sebule matundu yawe wazi. Sio suluhisho, ni kupunguza tu. Na kidumu cha petroli ya akiba hakilali ndani, hilo halina mjadala, tena kwenye nyumba yenye mkaa!

Sofa jipya lile, ile harufu ya upya inayowasha pua ni gundi, vanishi, na mbao za kubandika zile za unga wa mbao, humo ndo formaldehaidi inakotoka. Inapungua yenyewe kadiri siku zinavyoenda, inapungua haraka kukiwa na hewa na joto. Siku za jua litoeni barazani mchana kutwa, wiki mbili tatu mfululizo, harufu itapungua. Siku nyingine mkinunua fenicha muacheni fundi akae nayo, asiwaharakishie kwa sababu vanishi imekauka kwa kushika, kukauka kwa mkono na kuisha mvuke ni vitu viwili.

Dawa ya mbu ya kuchoma hukuitaja lakini naijua Sakina. Kuna watafiti walipima wakakuta koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa vumbi laini la moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Moja. Chandarua jamani. Na kufagia, nyunyiza maji kwanza au tumia dekio bichi, ufagio mkavu unachukua vumbi lililokuwa limelala unalipeleka kwenye pua ya mtoto anayetambaa.

Kupikia ndani kwa ujumla mi naona mjipange taratibu, mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai na uji wa mtoto, mkaa ubaki kwa maharage na makande tena uwe nje barazani. Serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa wa kawaida ikifika 2034, lakini mtoto wako ikifika 2034 atakuwa ameshaanza shule, usiwasubiri. Gesi nayo sio malaika, mwali wake unatoa gesi zake, dirisha bado linafunguliwa.

La oksijeni usiku. Ni kweli mmea gizani unapumua kama sisi, unavuta oksijeni unatoa kabonidayoksaidi, ila kiasi chake ni kidogo mno, mumeo akilala pembeni yako anatumia nyingi kuliko maua yako yote sita na hujawahi kumtoa nje kwa sababu hiyo. Sneki planti yenyewe ina tabia tofauti, inafungua vinyweleo vyake usiku inameza kabonidayoksaidi inaihifadhi mpaka jua litoke, ni mbinu ya mimea ya sehemu kame. Watu wakasikia hivyo wakasema inatengeneza oksijeni usiku, hapana, oksijeni inataka mwanga. Acha yalale ndani, hayana dhambi.

Ila lile la majani mapana yenye madoa meupe, nikisikia ulivyolielezea ni difenbakia, hilo litoe kabla mtoto hajaanza kusimama kwa kushika vitu. Ndani ya majani yake kuna vifuwele kama sindano, mtoto akitafuna ulimi na midomo vinavimba, anatoa udenda, analia mpaka koo linaweza kubana. Mani planti na pisi lili nazo zina hiyo hiyo, mani planti itundike juu inafurahi kuning'inia, pisi lili iende juu ya kabati karibu na dirisha. Spaida haina shida hata paka akiitafuna.

Na visahani vya chini ya vyungu, mwaga maji. Mbu wa dengi, yule wa miguu ya madoa anayeuma mchana, anataka maji kidogo tu yaliyotulia, wiki moja na siku chache ameshapata watoto wanaoruka. Jaza mchanga kwenye kisahani, maji yazame humo. Usimwagilie kila siku kama mchicha, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, udongo ukiwa bado na ubaridi acha. Masika ikifika utaona ukungu mweupe juu ya udongo, huo ni umwagiliaji umezidi na hewa imekosekana, na vumbi la fangasi kwa mtoto anayekohoa hatulitaki. Kwangua, weka kokoto juu.

Kuongeza mengine kwa hiyo hapana, usinunue. Ukitaka sneki planti zaidi kwa kupendeza tu, kata jani moja lililokomaa, likate vipande vya urefu wa kidole, viache kivulini siku mbili tatu vikauke kidonda, afu chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, upande uliokuwa chini ndo uingie chini, ukigeuza haitoi mizizi. Subiri wiki sita nane, usiwe na haraka. Yale yenye ukingo wa njano usiyazalishe kwa jani, watoto wanatoka kijani tupu, hayo pindua chungu ugawe mizizi kwa kisu.